Kapsuli Hamsini na Sita

Ruiru
Jumanne, 9 Mei 2023

Mwaitu,

Barua hii naitumbukiza kwenye kikapu chako hata kabla hujapanda gari la mkate la Austine, kwa sababu najua ukifika Kiganjo utakuwa umesahau nusu ya maneno ya daktari, na ile nusu nyingine hukuisikia. Nilikuwa nakutazama pale kliniki. Daktari anaanza sentensi, wewe unaitikia "ndiyo" naye hajaimaliza. Heshima yako na hayo masikio vitakuponza siku moja.

Mdogo wangu Kaluki akusomee haya karibu na sikio la kulia, polepole, mara mbili.

Kwenye bahasha ya kaki kuna kapsuli hamsini na sita. Ni antibiotiki, dawa ya kuua wadudu walioingia kwenye kile kidonda ulichojikata na bati la banda la kuku. Unameza moja mara nne kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku. Hiyo ya usiku ndiyo watu huiruka, wewe usiiruke. Meza tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula, kwa bilauri nzima ya maji. Siku kumi na nne, Mwaitu. Siku ya nne au ya tano utaona uvimbe umeshuka na utataka kuziweka zilizobaki, kama unavyoweka majani ya chai ya wageni. Hapana. Daktari alisema wadudu wanaokufa kwanza ni wale wanyonge. Ukiacha njiani unabaki na wababe, na wakiongezeka dawa hii hawataiogopa tena. Nawe una sukari, na mguu wa mtu mwenye sukari hauna subira.

Ukitokwa na vipele, au midomo ikivimba, au pumzi ikibana, acha dawa papo hapo na Kaluki akukimbize hospitali. Na usimgawie mtu, hata akikulilia kwamba jino linamuua.

Ningepiga simu, lakini wewe huisikii, na mdogo wangu hajashika simu yangu tangu Krismasi niliposema uhamie kwangu. Basi tuandikiane. Austine anapita huko Jumanne na Ijumaa, na amekubali kuwa posta yetu.

Mtoto wako,
Dianah Mukonyo


Kiganjo, Thika
Jumanne, 16 Mei 2023

Mukonyo mwanangu,

Mimi mama yako sijambo, nashukuru Mungu. Anayeandika ni Kaluki, maneno ni yangu. Huyu mtoto wa jicho amekua mpaka siwezi kuona nilipoweka kikombe, sembuse mstari wa barua.

Yako nimesomewa. Umekuwa mkali kama mwalimu wa zamani, lakini nilicheka. Dawa nimemeza kama ulivyoandika, hata ile ya usiku. Kaluki aliniamsha, nikamnung'unikia kidogo, nikameza, nikalala. Mguu umenywea. Juzi Jumapili nilisimama nikasonga ugali mwenyewe, na nyumba nzima ilifurahi kwa sababu ugali wa mdogo wako ni uji uliochelewa kukata shauri. Ameandika hayo akinuna, lakini ameandika.

Vifaranga wake themanini walikuwa wanaharisha, kila asubuhi anaokota waliokufa. Sasa waliobaki wameanza kuchangamka. Mungu ni mwema kwa watu na kwa kuku. Usimkasirikie sana mdogo wako. Aliporudi kutoka kwa mume hakuwa na kitu cha kuita chake, sasa ana hao vifaranga na wengine amewapa majina. Unajua yeye nilimpa jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana mpaka leo namwita Mwaitu, yaani mama, hata ninapomgombeza. Na wewe usikae umenuniana na nyanya yako muda mrefu, si adabu.

Kula vizuri huko kiwandani.

Mama yako,
Mbithe, kwa mkono wa Kaluki


Ruiru
Jumanne, 23 Mei 2023

Mwaitu,

Leo jioni unameza ya mwisho. Nimekuwa nikiweka alama kwenye kalenda ya jikoni kila siku, mpaka jirani akaniuliza ninangoja mtoto wa nani. Umejitahidi. Kaluki pia, mwambie nimesema.

Sasa nijibu kwa uaminifu, usinijibu vile ulivyomjibu daktari. Kidonda kimefunga, au kimefunika tu? Ukigusa pembeni kuna joto? Kinatoa harufu? Kiatu kinaingia? Kama kuna hata kimoja, Jumamosi nitaomba ruhusa nije nikuchukue tumrudie daktari. Kiwandani tuna oda kubwa ya suruali na msimamizi amezifuta Jumamosi na Jumapili zetu zote, lakini kwa ajili ya mguu wako nitamkabili. Usione haya kunisumbua. Ruiru na Thika ni pua na mdomo, ni mimi tu niliyezidiwa na kazi.

Niambie ukweli na nitakuja.

Mtoto wako,
Dianah Mukonyo


Kiganjo, Thika
Ijumaa, 26 Mei 2023

Mukonyo mwanangu,

Mguu umepona. Kidonda kimefunga, hakina joto wala harufu, kiatu kinaingia. Usiombe ruhusa kazini, usije ukafukuzwa bure.

Ila kuna wekundu kidogo umebaki. Nafikiri nikiongezwa kapsuli kama zile zile zitamalizia. Ukizipata mpe Austine. Hakuna haja ya daktari, kwa kuwa dawa tayari tunaijua.

Sisi sote ni wazima.

Mama yako,
Mbithe


Ruiru
Jumanne, 30 Mei 2023

Mwaitu,

Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikaisoma mara mbili nikitafuta ulipouficha utani. Nadhani Kaluki alikuwa na haraka.

Nilienda kliniki jana. Daktari alikataa. Alisema haandiki dawa ya mguu ambao hajauona. Mguu uliopona hauhitaji antibiotiki, akasema, na ambao haujapona baada ya siku kumi na nne unahitaji macho yake. Alisema kweli nami nilijua anasema kweli. Kisha nikatoka nje, nikaangalia saa, shifti yangu ilikuwa inaanza. Nikaingia kemisti moja ya pembeni ambako hawaulizi cheti cha daktari, nikataja jina la dawa, wakanipa ishirini na nane bila hata kuinua uso. Najua nimefanya kosa. Nimejiambia ni za wiki moja tu, mpaka oda iishe, halafu nitakuja mwenyewe.

Meza vile vile, moja mara nne. Lakini mguu ukibadilika hata kidogo usingoje ziishe, sema. Nimemwambia Austine akikuona nje akutazame kiatuni, na akishindwa kukuona aulize.

Mtoto wako,
Dianah Mukonyo


Kiganjo, Thika
Jumanne, 13 Juni 2023

Mukonyo mwanangu,

Dawa ilifika, nashukuru. Mguu ni mzima kabisa, natembea mpaka sokoni na kurudi. Nimesikia ulimwambia Austine kwamba Jumapili hii utakuja. Usije, kwa maana tutakuwa na wageni wa kanisa na hakuna mahali pa kukaa. Ngoja mwezi ujao.

Fanya kazi kwa bidii.

Mama yako,
Mbithe


Kiganjo, Thika
Ijumaa, 16 Juni 2023

Dada Dianah,

Hujambo. Mimi ni Waridi, wa kibanda cha mboga, mlango wa pili kutoka kwa mama yako. Tulionana siku ya mazishi ya baba yenu. Namba yako sina, na Kaluki amekataa kunipa. Austine anashusha mkate hapa nami naandika juu ya kreti. Nimemwambia asikueleze kwa mdomo, kwa sababu maneno ya nyumba hii yamekwisha kupotoshwa vya kutosha.

Mama yako yuko hospitali Thika tangu Jumamosi iliyopita, tarehe kumi. Mimi na mume wangu Faki ndio tuliomwingiza kwenye teksi. Vidole vya mguu vilikuwa vimekuwa vyeusi na harufu ilikuwa inafika kwangu. Nilidhani unajua na hutaki kuja, kwa maana ndivyo alivyoniambia mwenyewe. Aliniambia akilia, nami nakuandikia kama nilivyosikia: "Mukonyo amechoka na mguu wangu. Nimemwandikia mara tatu nikimwomba dawa na daktari, amenijibu hana nafasi." Akasema dawa ya kwanza ilikuwa ya siku tano tu, na zile kapsuli chache alizopata mwezi huu Kaluki ndiye aliyemnunulia.

Nilimwamini, dada. Nilikuchukia, unisamehe.

Lakini leo asubuhi Austine ameniuliza kama dawa ulizotuma zimemsaidia mzee. Mara mbili, anasema, mara moja kikapuni na mara moja amempa Kaluki mkononi. Ndipo nikakumbuka kitu. Mwezi wa tano nilimwona Kaluki uani na bahasha ya kaki, anafungua kapsuli moja moja na kumwaga unga kwenye maji ya vifaranga. Sikushtuka. Nusu ya wafugaji wa Kiganjo hufanya hivyo, vifaranga wakiharisha mtu hutafuta kapsuli za watu akawafungulia. Nilidhani amezinunua kwa ajili yao.

Njoo. Zaidi ya hayo sijui.

Jirani yenu,
Waridi


Ruiru
Jumatatu, 19 Juni 2023

Mwaitu,

Barua hii nimempa Waridi akusomee. Yeye hana sababu ya kuongeza wala kupunguza.

Nilikuja Jumamosi, nikaja na jana. Mara zote mbili uligeukia ukutani. Nilikaa kwenye kile kiti nikitazama kisogo chako mpaka kengele ya kutoka ikalia. Muuguzi alidhani umelala. Mimi nilijua hujalala, kwa sababu ulikuwa umekunja shuka ngumini kama unavyofanya ukikasirika. Sijawahi kuumia hivyo, na baba nilimzika kwa mikono yangu.

Sikukuandikia kwamba nimechoka na mguu wako. Neno hilo sijaliandika, sijalisema, sijalifikiria. Nilituma kapsuli hamsini na sita tarehe tisa Mei na nyingine ishirini na nane tarehe thelathini. Niliandika siku kumi na nne, Waridi ananiambia wewe unajua tano. Nilikuuliza kama kidonda kina joto, nikajibiwa kwa jina lako kwamba kimefunga. Nina barua yako ya tarehe kumi na tatu Juni inayosema unatembea mpaka sokoni. Siku hiyo ulikuwa hapo kitandani kwa siku ya nne.

Kosa langu pia ninalo, na ulisikie kutoka kwangu. Zile za pili nilizinunua bila daktari kukuona. Kama ningemsikiliza, ningekuja kukuchukua mwezi wa tano, na kila kitu kingejulikana siku hiyo. Niliogopa msimamizi wa suruali kuliko nilivyoogopa mguu wako.

Nimemweleza daktari wa hapo yote. Hakunigombeza. Alisema wamepima usaha na dawa ile haiwagusi tena hao wadudu. Ukimeza siku chache kisha ukaacha, kisha moja leo na moja keshokutwa, ndivyo wanavyozoea dawa. Amesema pia umekataa kutia kidole kwenye karatasi ya kukubali upasuaji. Wanataka kukata chini ya goti Alhamisi, kabla ugonjwa haujapanda kwenye damu. Akasema ukipanda hakutakuwa na la kukata.

Usinitazame kama hutaki. Usinisamehe kama unaona nina hatia. Lakini tia kidole, Mwaitu. Usikatae uhai kwa sababu tu anayekuomba ni mimi.

Mtoto wako,
Dianah Mukonyo


Ruiru
Jumanne, 20 Juni 2023

Kaluki,

Niambie zilienda wapi, zote, za kwanza na za pili. Na safari hii uandike kwa jina lako.

Mukonyo


Kiganjo, Thika
Ijumaa, 23 Juni 2023

Dada Mukonyo,

Mama amekatwa jana. Nilikuwa nje ya wodi, sikuingia. Nilikuona ukipita na chupa ya uji na hukuniona, au uliniona.

Umetaka kujua, basi jua. Za kwanza Mama alimeza siku tano, vizuri, hata usiku, nikimwamsha mimi. Uvimbe ukashuka, akasimama akasonga ugali. Wakati huo vifaranga walikuwa wanaharisha na nimeshaokota kumi na moja. Nikajiambia, huyu amepona, na mtu aliyepona anameza dawa ya nini? Wewe kichwa kikikuacha unaendelea kumeza Panadol? Zilizobaki niliwafungulia vifaranga, wakapona, dada. Kwa siku chache niliamini Mungu ametugawia, nusu kwa Mama, nusu kwangu.

Mama akauliza mbona zimeisha, yeye alisikia kumi na nne. Nilichukua barua yako nikamsomea tena, nikasoma tano. Nikamwambia masikio yake yalimdanganya. Alicheka, akasema kweli yamezeeka.

Mguu uliporudi kuwaka niliogopa. Aliniambia nikuandikie uje. Lakini ungekuja ungeuliza, na ungeuliza ungemchukua. Tangu Krismasi unataka kumchukua. Wewe una kazi, una mlango wako, una watu wanaokuita madam. Mama akienda Ruiru mimi ninabaki nani? Mwanamke aliyeachika, analala kwenye nyumba ya marehemu baba yake na kuku. Kwa hiyo niliandika amepona. Nilidhani maji moto ya chumvi yatamaliza. Kisha vifaranga wakaanza kufa tena, ndiyo nikakuomba nyingine kwa jina lake.

Hizo za pili Mama alipata nane. Akizidiwa na maumivu nampa moja, kama Panadol, namwambia nimemnunulia. Nyingine walikunywa kuku. Aliuliza kwa nini wewe humtumii dawa. Ningemjibu nini, kwamba imenywewa na kuku? Nikasema umekataa. Lilitoka tu. Baada ya hapo kila siku nilihitaji neno jingine la kulishikilia lile la jana, na kila barua yako iliyokuja niliisoma kwa sauti kama wewe ni mtu mbaya. Siku nyingine nilikuamini kuwa ni mbaya.

Juzi afisa wa mifugo alikuja. Akaangalia walivyopinda shingo, akasema ni kideri. Akasema kinaletwa na virusi, na dawa za aina hiyo haziui virusi, hata ningewamwagia gunia zima. Kinga yake ni chanjo, ambayo nilipaswa kuwapa mapema. Wamebaki sita.

Sitakuomba msamaha kwenye karatasi. Karatasi zangu huwezi tena kuziamini.

Kaluki


Ruiru
Ijumaa, 21 Julai 2023

Kaluki,

Sijakuita Mwaitu. Nimejaribu, jina la mama yangu limekataa kutoka.

Anayeandika ni Mukonyo, maneno ni yangu. Niko kwake tangu nitoke hospitali. Kidonda cha mkato kinafunga. Nameza dawa nyingine, zimeandikwa siku kumi nami nimeuliza mara tatu, muuguzi akaniambia kwa sauti mpaka wodi nzima ikajua. Leo ni ya tisa. Naisubiri ya kumi.

Waridi alinisomea barua zote za Mukonyo, ulizoziweka kwenye mkebe chini ya kitanda changu. Halafu akanisomea zile nilizoandika mimi. Ile ya ugali niliitambua. Nyingine nilisikiliza kama mtu anayesikia kwamba jirani anatembea na nguo alizomwibia. Sauti iliitwa yangu, na haikuwa na neno langu hata moja.

Mguu niliulilia siku mbili. Nina miaka sitini na tisa na umenitembeza mahali pengi. Ninachokililia mpaka sasa ni zile wiki nilizolala nikimchukia Mukonyo. Yeye alikuwa anaweka alama kwenye kalenda kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa namwambia Mungu amwonyeshe uchungu wa kutupwa na mtoto. Niliomba hivyo, Kaluki, nikiwa nimekushika mkono wewe, nawe ukasema amina. Alipokuja wodini nikampa kisogo. Karibu nife kwa kukataa upasuaji, ili tu nisimfanyie alilotaka, mpaka Waridi aliponisomea barua zake nikatia kidole.

Habari ya vifaranga naielewa. Mtu akiona mali yake ya kwanza inakufa hushika chochote kilicho karibu. Ungeniomba zile kapsuli ningekupa mwenyewe kwa ujinga wangu, tungekosa sote wawili, na leo tungelia pamoja. Lakini uliniambia masikio yangu yamenidanganya. Mimi nilikuwa nimeyaacha macho yangu na masikio yangu nikatumia yako. Hukunionea huruma hata hapo.

Shangazi yenu anataka nitamke neno juu yako, lile la laana ya mzazi. Sijalitamka. Wala sijakusamehe, ukisikia kwa watu kwamba nimekusamehe usiwaamini.

Njoo. Sitaki barua. Nataka ukae mbele yangu, mikono yangu ikiwa usoni pako, uniambie kwa mdomo wako uliyonitendea, kuanzia siku ya tano. Ukidanganya nitajua. Baada ya hapo ndipo nitajua kama nina mtoto mmoja au wawili.

Mama yako,
Mbithe

Hayo juu ni yake, neno kwa neno. Haya ni yangu.

Alipotamka "njoo" kalamu yangu ilisimama. Haoni, na hapa Ruiru hakuna Waridi wa kunikagua. Ningeandika "usije", ungekaa huko, naye angengoja dirishani mpaka akuchukie mwenyewe. Nilikaa na wazo hilo mpaka akaniuliza kwa nini kalamu imenyamaza.

Nimeandika njoo. Mlango nitakufungulia, kwa kuwa yeye amesema. Salamu kutoka kwangu usitegemee.

Mukonyo